Geuza Chupa ya Mafuta ya Samaki, Usome Nyuma

Ingia duka la dawa lolote River Road au Tom Mboya, Nairobi, utakuta chupa za mafuta ya samaki, ambayo wengine huyanywa badala ya tembe za presha, zimepangwa karibu na mahali pa kulipia, zimeandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa. Namba hiyo ni uzito wa mafuta yote yaliyo kwenye kidonge. Kinachogusa presha ni asidi mbili za omega-3, EPA na DHA, na kiasi chake kimefichwa nyuma kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Kidonge cha kawaida cha 1000 mg huwa na EPA 180 mg na DHA 120 mg. Jumla 300. Yaliyobaki ni mafuta tu.

Sasa piga hesabu. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja, takriban 70, yanaonyesha kwamba kiasi kinachofaa kwa presha ni gramu 2 hadi 3 za EPA na DHA kwa siku. Gramu 3 ni vidonge 10 vya aina hiyo. Chupa ya vidonge 60 inaisha siku ya sita! Na baada ya gharama yote hiyo, mwenye presha hupungukiwa na pointi 4 au 5 hivi kwenye namba ya juu: wa 165 anafika 160. Amlodipini ya 5 mg, dawa ya presha ya kliniki, tembe moja kwa siku, kwa kawaida hushusha zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anayekunywa kidonge kimoja asubuhi akaacha tembe za kliniki hajabadilisha dawa. Ameacha dawa.

Wengi hawaachi kwa ujinga. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, enalapril huleta kikohozi kikavu, na dawa za kukojoza ni mateso ukiwa umekwama ndani ya matatu Mombasa Road. Yote hayo yana njia: dozi hupunguzwa, enalapril hubadilishwa kwa losartani, saa ya kumeza husogezwa. Mwambie daktari au muuguzi. Presha haiumi, kwa hiyo usingoje kichwa kikuambie.

Kuongeza vidonge hadi 10 kienyeji nako kuna hatari. Dozi kubwa za omega-3 zimehusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Mafuta ya ini la samaki, yale ya kijiko, ni jambo jingine kabisa: yana vitamini A, na ukiyanywa mengi ukitafuta omega-3, vitamini hiyo inazidi mwilini. Mjamzito asiyajaribu.

Halafu kuna kuchacha. Mafuta haya huharibiwa na joto, mwanga na hewa, na chupa iliyokaa miezi kwenye dirisha la duka linalopigwa jua haiaminiki hata kama tarehe haijapita. Toboa kidonge kimoja kwa pini unuse. Harufu ya samaki kidogo ni sawa. Ikikuchoma pua kama mafuta ya chipsi yaliyorudiwa wiki nzima, tupa. Vile vya ladha ya limau huificha harufu hiyo.

Pesa hizo mimi ningezipeleka soko la Gikomba kwa omena, yaani dagaa. Huliwa mzima na ana omega-3. Huanikwa juani, mara nyingi kwenye mchanga, kwa hiyo mwoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne hadi maji yatoke safi, kisha mchemshe na nyanya, kitunguu, dania na limau. Kinachomharibu ni kuzamishwa kwenye mafuta, kisha chumvi na kipande cha mchuzi wa dukani juu yake. Kipande hicho kimejaa chumvi, na chumvi ya siku nzima haipaswi kufika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Chupa umeshainunua? Endelea na tembe zako, upime presha. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine juu ya ngozi na si juu ya sweta. Kitambaa kikibana mkono mnene, namba hupanda bure. Pima mara mbili asubuhi kabla ya tembe na mara mbili jioni, siku 7. Futa siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, nenda kliniki na karatasi hiyo, na chupa pia uibebe.