Gawanya kwa 900

Najua mmeshaiona ile video yangu ya uwanja wa ndege, mimi na matarumbeta. Aliyeirekodi namjua, ananidai, na deni lake sasa asahau. Ila mmeona kichwa bila mkia, ngojeni niwape yote.

Shangazi hajakanyaga Moshi tangu 2009. Juzi alikuwa anatoka Amsterdam moja kwa moja mpaka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, anaruka saa nne na robo asubuhi. Anko akauliza anatua saa ngapi. Mimi, msomi wa ukoo, nikashika kalamu: Schiphol, uwanja wa Amsterdam, mpaka KIA ni kama kilomita 6,900, ndege inakimbia 900 kwa saa, gawanya, masaa saba na dakika arobaini. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni yuko chini.

"Na saa zao na zetu ziko sawa?"

"Anko, saa ni saa."

Msinicheke bado, akiba.

Coaster ikajaa, matarumbeta wakapanda kirikuu. Tuliwalipa saa moja tu, mangi wao hapunguzi. Kweli, saa kumi na mbili kasoro ndege ikatua. Nikawatazama ndugu zangu kwa dharau. Akatoka mama mnene, kilemba, miwani myeusi, pua ya ukoo kabisa. Nikawapungia matarumbeta wakaachia.

Nikakimbia. Viatu vya kuazima vinapiga makofi sakafuni, pwa, pwa. Nikamvisha shada, nikamkumbatia, nikamnyanyua kidogo. Nikahisi anakakamaa. "Karibu nyumbani, Shangazi!" Nyuma yangu vigelegele. Akavua miwani. Macho mekundu, yamevimba. Akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma:

"Mwanangu, mimi natoka Dar. Nimekuja kumzika dada yangu."

Nikainua mkono kuwazima matarumbeta. Wa kwanza akaona, akashusha. Wa pili akaona. Mpiga ngoma kubwa alikuwa amefumba macho. Du! Du! Du! Nimemshika mama wa watu mabega, tunatazamana, ngoma inadunda, mpaka Anko alipokwenda kumnyang'anya fimbo.

Pole nilitoa hadi zikaisha. Matarumbeta saa yao ikaisha pia, wakaondoka. Shangazi akatua saa mbili kasoro dakika kumi usiku, akapokewa na watu wenye njaa. Tiketi aliitupia kwenye grupu wiki nzima kabla, imeandikwa 19:50, na mimi mwenyewe niliiwekea dole gumba. Kumbe kipindi hiki Amsterdam wako nyuma yetu saa moja, na safari ni zaidi ya masaa nane na nusu, maana ndege haiendi kama rula na kupanda na kushuka kunakula muda. Nimeelezwa na mtoto wa darasa la sita.

Grupu la ukoo sasa linaitwa hivyo hivyo mlivyoona hapo juu.

Ila kinachoninyima usingizi ni lile shada. Sikumvua. Aliondoka nalo shingoni, maua ya plastiki, utepe wa dhahabu umeandikwa KARIBU NYUMBANI. Kama jana ulikuwa msibani upande wa Kibosho ukaliona, njoo inbox haraka. Tulilikodi.