Ukomunisti na shamba la mahindi

Ukiuliza ukomunisti ulifia wapi, wengi watakutajia Berlin, Novemba 1989, vijana wakiubomoa ukuta kwa nyundo. Mimi nitakupeleka Isimani, nje ya Iringa mjini, Krismasi ya 1971.

Najua wasomi watanirukia. Ujamaa si ukomunisti, na Mwalimu alilisema mapema, 1962: hakutaka ujamaa wa kugombanisha matabaka, wa kwake ulitoka kwenye undugu wa ukoo. Isitoshe alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Sawa, nimekubali. Ila mkulima anayeambiwa shamba lake sasa ni la wote haulizi kwanza kama aliyemwambia amemsoma Marx au Biblia.

Isimani ya miaka ya 60 ilikuwa ghala la mahindi. Watu walifyeka pori, wakanunua matrekta, wakaweka vibarua. Said Mwamwindi alikuwa mmoja wao. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, mtu wa chama hasa, alitaka mashamba yale yaingie kwenye ujamaa. Siku hiyo ya Krismasi alimfuata Mwamwindi kwake, wakajibizana, na Mwamwindi akachukua bunduki. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaliendesha mpaka polisi mjini, akajisalimisha. Akahukumiwa, akanyongwa. Mpaka leo Iringa ukilitaja jina lake mezani, watu wanagawanyika.

Miaka 20 baadaye, Krismasi ya 1991, Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alijiuzulu na bendera nyekundu ikateremshwa Kremlin. Tarehe zimegongana tu. Ninachoshikilia mimi ni kwamba siku zile mbili ni za ugomvi uleule mrefu, ugomvi wa chama na mwenye shamba.

Tatizo lilianza na vitabu. Marx na Engels walipotoa ilani yao London, Februari 1848, macho yao yalikuwa kwenye viwanda. Mkulima mdogo walimwona mtu wa zamani, wakati utampitia. Lakini mapinduzi hayakutokea Manchester. Yalitokea Urusi, 1917, nchi ya wakulima, halafu China, 1949, nchi ya wakulima zaidi. Lenin aliwavuta kwa ahadi ya amani, mkate na ardhi. Ardhi wakaichukua, nafaka yao ikachukuliwa na askari. Ilipofika 1921, njaa na maasi yakamlazimisha arudi nyuma: lipa kodi, kinachobaki uza mwenyewe. Stalin akayafuta hayo kuanzia 1929. Aliyekuwa na ng'ombe wawili watatu akaitwa kulaki, yaani mkulima tajiri mnyonyaji, kama kwetu alivyoitwa kupe, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, Ukraine na Kazakhstan zikiumia vibaya. Mao akaona yote hayo, na 1958 akafanya makubwa kuliko hayo. Watu wakaamriwa wale kwenye majiko ya pamoja, sufuria zao ziyeyushwe kutafuta chuma. Waliokufa huko huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Kwetu hatukufika huko, na lazima isemwe wazi. Lakini bibi yangu mzaa mama alihamishwa katika Operesheni Vijiji mahindi yakiwa yamemfika kiunoni. Aliyaacha yamesimama. Shamba la kijiji alilopangiwa kulima siku maalumu aliliita "shamba la wenyewe". Hebu fikiria: shamba lililoambiwa ni la kila mtu, yeye analisema kama mali ya mtu baki. Akienda huko anakwenda na jembe bovu. Zima linabaki kwenye kibustani chake nyuma ya nyumba.

Na bibi huyohuyo alikuwa na chupa ya chai ya Kichina, yenye maua mekundu, ambayo mtoto akiisogelea tu anakula kofi. Nilishakua mtu mzima ndipo nikajua chupa zile zilihusiana na reli. China ilitukopesha sisi na Zambia bila riba kujenga TAZARA, na sehemu ya gharama za hapa nyumbani ililipwa kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia walishasema reli hiyo hailipi. Wachina wakaijenga kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, ikiwemo ile kazi ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, mahandaki na madaraja yakifuatana. Kila nikipita pale stesheni ya Mbeya, lile jengo kubwa lenye utulivu wa kanisa siku ya Jumatatu, nawashukuru kwa dhati.

Lakini tusidanganyane kuhusu udugu wa wafanyakazi wa dunia. Mwaka 1969 majeshi ya Urusi na China yalipigana risasi kwenye mto Ussuri, wakomunisti kwa wakomunisti. Beijing ilihitaji marafiki wake yenyewe, na ilihitaji kiti Umoja wa Mataifa, ikakipata Oktoba 1971, Salim Ahmed Salim, balozi wetu huko, akiwa mmoja wa waliokipigania. Reli yetu imo katika hesabu hizo.

Aliyemaliza ugomvi wa shamba ni mkulima mwenyewe. Mwaka 1978, kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakulima 18 waliandikiana kwa siri kugawana mashamba ya kijiji kaya kwa kaya. Wakaweka na dole gumba, wakaahidiana kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, wengine watawalelea watoto. Mavuno yaliyofuata yakawaumbua wapangaji mipango wote. Chama hakikuwafunga, kilifuata nyayo zao.

Vietnam nayo ikageuka 1986. Chama cha Kikomunisti bado kinatawala, kaya zinalima zenyewe, na leo ni ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazil. Wao hasa robusta, sisi Mbozi arabika, ila soko ni lilelile. Mjomba wangu pale Vwawa, aliyekoma kuilaumu siasa tangu vyama vingi vianze, nilipomwambia hivyo aliacha kuchambua buni, akaniuliza: "Kwa hiyo na wao bei wanapangiwa na chama?"

Nikamwambia hapana. Akaendelea kuchambua.