Jazz ya Maria Schneider mikononi mwa wapiga fidla

Januari 2014, albamu ya Winter Morning Walks ilitwaa tuzo tatu za Grammy, na zote zilikuwa za upande wa muziki wa klasiki: utunzi, uimbaji na ufundi wa kurekodi. Mtunzi wake, Mmarekani Maria Schneider, alikuwa amejijengea jina kwenye jazz kwa takriban miaka ishirini. Hii ilikuwa albamu yake ya kwanza na okestra ndogo za klasiki: Australian Chamber Orchestra, na ile ya St. Paul katika jimbo la Minnesota alikozaliwa. Baadhi ya wapenzi wa jazz wana haki ya kuuliza kama ushindi huo ulikuwa pia hasara.

Hoja yao ni nzito. Schneider alipikwa kisanaa na watunzi wa jazz Gil Evans na Bob Brookmeyer, kisha akaunda bendi yake kubwa ya saksafoni, tarumbeta na tromboni. Kuanzia 1993 ilipiga kila Jumatatu katika klabu ya Visiones, New York, kwa miaka kadhaa. Mtunzi wa namna hiyo haandikii chombo, anamwandikia mtu. Anajua pumzi ya huyu na ukaidi wa yule, anaacha nafasi tupu kwenye karatasi, na mpigaji anaijaza papo hapo, usiku huu hivi na kesho vingine. Mpiga fidla wa klasiki kalelewa kuiheshimu noti iliyoandikwa. Ukimpa nafasi tupu, mara nyingi itabaki tupu.

Hofu hiyo inasikika wazi katika nusu ya pili ya albamu, ambako Dawn Upshaw, mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike), anaimba mashairi ya Mbrazili Carlos Drummond de Andrade, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Mark Strand. Hapa hakuna hata mpigaji mmoja wa bendi ya Schneider. Utangulizi usio na maneno unavutia sana, sauti ya Upshaw ikielea juu ya nyuzi. Lakini kwingine namsikia mtunzi akitembea kwa uangalifu mno, kama mgeni anayeogopa kugusa vyombo vya mwenye nyumba.

Nusu ya kwanza ni habari nyingine kabisa. Mwimbaji ni Upshaw yuleyule, ila mashairi ni ya Ted Kooser wa jimbo la Nebraska, aliyekuwa akipata nafuu baada ya matibabu ya saratani. Madaktari walimwonya ajiepushe na jua, basi akawa anatembea kabla ya mapambazuko, kisha anaandika shairi fupi kwenye postikadi na kumtumia rafiki yake, mwandishi Jim Harrison. Schneider alikuja kwenye kazi hii na watu wake watatu: Frank Kimbrough kwenye piano, Jay Anderson kwenye besi na Scott Robinson kwenye klarineti. Hakuna dramu, na sikuzitamani. Mashairi ni mafupi, yanaacha hewa, na ndani ya hewa hiyo watatu hawa wanabuni huku nyuzi zikiwazunguka.

Mwaka 2015 Schneider aliurudia wimbo mmoja wa hapa, Walking by Flashlight, kwenye albamu ya bendi yake, The Thompson Fields, bila maneno, klarineti ya Robinson ikishika nafasi ya mwimbaji. Unasimama vizuri kama jazz. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba okestra ilimpokonya lugha yake. Ila nikiusikia bila Upshaw namkosa yule mgonjwa anayetembea gizani na tochi, kwa sababu urefu wa mistari ya Kooser ndio ulioipa tuni hiyo umbo lake. Hilo bendi isingempa.

Gharama nayo isisahaulike. Albamu ilitoka kupitia ArtistShare, mfumo ambao mashabiki huchangia kazi kabla haijakamilika. Mtunzi chipukizi asiye na mashabiki wa aina hiyo atazilipaje okestra mbili?

Na usiwahukumu Drummond na Kooser kwa mpangilio wa albamu. Kazi ya Drummond ndiyo iliyotangulia, ikapigwa mara ya kwanza mwaka 2008. Ya Kooser ilifuata 2011 kwenye tamasha la Ojai, California. Ukisikiliza kwa mfuatano huo, unamsikia mtunzi ambaye mara ya kwanza aliingia kwa okestra peke yake, na mara ya pili akaingia na wenzake.