Anga ya Wote, Ukuta wa Waliofika Mapema

Oktoba 1, 2021, bustani ya burudani ya Magic Kingdom iliyoko Florida, Marekani, ilipotimiza miaka 50, ilianza kuonyesha rasmi tamasha jipya la usiku la fataki na picha za mwanga zinazomwagwa juu ya kuta za kasri lililo bustanini, liitwalo Enchantment. Tamasha hilo lilichukua nafasi ya Happily Ever After, lililokuwa limedumu tangu Mei 2017, na moshi ulikuwa haujatawanyika mashabiki walipoanza kugawanyika. Kwa kuwa saa tatu usiku ya Florida ni saa kumi alfajiri ya Kampala, sisi wafuatiliaji wa huku tuliamka tukakuta ugomvi umeshapamba moto.

Lalamiko lililosikika zaidi lilihusu masimulizi. Sherehe ilikuwa ya kuadhimisha nusu karne, lakini mwenye shughuli hakutajwa: hapakuwa na neno juu ya Walt Disney, mwasisi wa kampuni yenye bustani hiyo, aliyefariki mwaka 1966 kabla bustani haijafunguliwa, wala juu ya kaka yake Roy, aliyeifungua mwaka 1971. Picha za filamu zilipita ukutani moja baada ya nyingine, zikipendeza macho, bila uzi wa kuziunganisha. Naliona lalamiko hili kuwa la haki, na nadhani hata wenye bustani waliliona hivyo, kwa maana mwaka 2022 waliongeza utangulizi wa kuwakumbuka ndugu hao wawili.

Upande wa pili ulijibu kwamba hayo yote ni mazoea tu, na jibu hilo halikuwa jepesi. Happily Ever After yenyewe ilipoingia mwaka 2017, waliolia walikuwa wapenzi wa Wishes, tamasha lililoanza mwaka 2003 na kutegemea fataki zaidi ya kitu kingine chochote. Walilalamika kwamba kasri la Cinderella limegeuzwa kuwa skrini. Miaka minne baadaye skrini ileile ikawa ndiyo urithi unaotetewa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, ila kwa mashabiki hawa kidonda hutangulia, unyemi ukafuata. Hata hivyo hoja ya mazoea haielezi kila kitu. Wishes haikurudishwa licha ya vilio vyote, ilhali Enchantment iliondolewa baada ya miezi 18, na Aprili 3, 2023 Happily Ever After ikarejea. Ni vigumu kuamini kwamba mwenye mali angetupa kazi ya gharama kubwa namna ile kwa sababu ya machozi ya wachache.

Jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha, na ambalo mtu wa Kampala angeliona kwanza, ni nani hasa anayeona nini. Waliosifu Enchantment walisema, na ni kweli, kwamba kwa mara ya kwanza katika tamasha la fataki la bustani hiyo picha zilimwagwa pia juu ya majengo ya Main Street, barabara inayotoka langoni kuelekea kasri, ili wanaosimama mbali na kasri nao wapate fungu lao. Faida hiyo si ndogo, na ilibakizwa hata tamasha la zamani liliporudi. Lakini picha ya ukutani husomeka kutoka upande mmoja tu, na ndiyo maana watu hujipanga mapema sana kugombea nafasi ya mbele. Fataki hazina mbele wala nyuma. Aliyekaa ufukweni kwenye hoteli za ng'ambo ya ziwa lililo jirani huziona, ingawa hakukanyaga bustanini siku hiyo.

Hapa kwetu hoteli kubwa za katikati ya jiji hurusha fataki za Mwaka Mpya kwa ajili ya wageni waliolipa, lakini wanaozitazama ni wakazi wa vilima vya Naguru, Muyenga na Makindye, wakiwa barazani na juu ya mapaa, pamoja na waendesha bodaboda walioegesha pikipiki kando ya barabara wakainua shingo. Tamasha hilohilo likihamishiwa ukutani, vilima vyote hivyo vitabaki gizani.

Anayetetea fataki kutoka Kampala, hata hivyo, hawezi kuupita kimya usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, ambapo umati uliokuja kuzitazama kwenye jengo moja la maduka ulikanyagana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 wakafa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Yapo pia mambo madogo yenye uzito wake: moshi, mlio unaowatia wazimu mbwa wa mtaa mzima, na upepo unaoweza kuahirisha kila kitu. Huko California, bustani ya Disneyland, katika tamasha lake la Wondrous Journeys lililoanza Januari 2023, ilitenga usiku wa fataki na usiku wa picha peke yake. Huo ulikuwa mwafaka wa busara. Ila kwa habari ya ule msiba wetu, sioni picha za ukutani zingetukinga vipi, maana nazo hukusanya watu wote mahali pamoja wakielekea upande mmoja, na hatari ilianzia hapo hapo kwenye msongamano.

Wengi wetu tuliotoa hukumu, na mimi nikiwemo, tulitazama kwenye simu. Video hizo hupigwa na waliosimama katikati, uso kwa uso na kasri, mahali ambapo picha hung'aa na fataki hupungua zikawa vitone. Kwa hiyo hata ugomvi wenyewe umeendeshwa kutoka kiti cha mbele. Mashabiki walirudishiwa wimbo wao na masimulizi yao, na wa Main Street wakaachiwa picha zao. Aliyesimama nyuma ya kasri bado anaona kisogo chake.