Hela ilifika, maelezo yakabaki njiani

Mwezi uliopita nilimtumia shangazi yangu wa Muheza shilingi elfu themanini. Hela ya fundi bati, paa la jiko lilikuwa linavuja. Nilipomaliza kutuma nikaandika ujumbe: "Shikamoo shangazi. Hiyo ni ya fundi, akija Alhamisi mpe yote." Nikaweka simu mfukoni nikaendelea na mambo yangu.

Alhamisi fundi kaja, hela hakuna. Shangazi alikuwa ameshalipia mchango wa harusi ya mtoto wa jirani, na kadi ya mwaliko ameipata, ya watu wawili. "Mwanangu, mimi nimeona hela tu. Hukusema kitu." Nikafungua simu nimwonyeshe kwamba nilisema. Ujumbe ulikuwepo, kweli, ila una tiki moja. Siku tatu nzima, tiki moja.

Kumbe simu janja ya shangazi ilianguka wiki iliyotangulia, kioo kikaenda. Akaipeleka kwa fundi simu, laini akaihamishia kwenye kiswaswadu chake cha zamani. Simu yangu haikuwa na habari hizo. Iliendelea kuamini kwamba namba ya shangazi inatumia RCS, ule mfumo mpya wa ujumbe unaopita kwenye intaneti, ikatuma ujumbe wangu kwa njia ya intaneti kwenda kwenye simu iliyozimwa, imelala kwenye droo ya fundi. Taarifa ya muamala, ambayo ilikuja kwa SMS ya kawaida, ilimfikia ndani ya sekunde chache.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya hii habari kwamba SMS imezeeka na sasa inapokelewa kijiti na RCS. Nakubali imezeeka. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi Neil Papworth akimtakia mtu heri ya Krismasi kutoka kwenye kompyuta. Hata kikomo cha herufi 160 ni cha kabla ya hapo. Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa mwaka 1985 akiandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona 160 zinatosha mtu kusema alilo nalo. Na ilibidi zitoshe, kwa sababu ujumbe ulipachikwa kwenye njia nyembamba ambayo simu na mnara huitumia kuwasiliana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana SMS haihitaji bando. Na ukizima simu, mtandao unakuhifadhia ujumbe mpaka uwashe.

Kiswahili kilibahatika hapo. Herufi zetu zote zimo kwenye orodha fupi ya herufi zinazotambuliwa na SMS, kwa hiyo tunapata 160 kamili. Anayeandika Kiarabu au Kiamhari anapata 70 tu. Sisi tunaporomoka hadi 70 hizo hizo tukiweka emoji, au tukiandika ng'ombe kwa ile alama iliyopinda inayotoka kwenye kompyuta badala ya iliyonyooka. Alama moja tu, na mara nyingi ujumbe wako unahesabiwa ni miwili. Waliokuwa sekondari zama zile za "cjui" na "2kutane xaxa" wanajua tulivyozibana herufi kama nauli.

RCS imekuja kuondoa mibano hiyo yote. Unaandika urefu upendao, picha inafika ikiwa safi, unaona mwenzio anaandika, unajua kama amesoma. Wazo lenyewe si la jana. Lilianza mwaka 2007, likazunguka miaka mingi kwenye meza za makampuni ya simu, kila mmoja anataka yake. Mwaka 2016 ndipo walipokubaliana kiwango kimoja, na Septemba 2024 Apple nao wakaiingiza kwenye iPhone kupitia iOS 18. Marekani ilikuwa habari kubwa, kwa sababu kule watu walibaki wakichati kwa SMS, na rangi ya ujumbe kwenye iPhone, kijani kwa SMS na bluu kwa wa iPhone kwa iPhone, ilishakuwa ugomvi wa hadhi kati ya vijana.

Huku kwetu ugomvi huo hatukuwa nao. Soga, picha za watoto, vikao vya harusi na misiba vilishahamia WhatsApp siku nyingi. SMS tuliiachia kazi moja, na ni kazi nzito: hela. Risiti ya muamala, namba za siri za kuingilia benki, tokeni za umeme. Ni kama karatasi ya serikali, haina urembo lakini hakuna anayeitupa. Kwa hiyo RCS inapoingia hapa inagombea soga ambazo zimeshachukuliwa, na kwenye kazi ambayo SMS bado inaifanya, inakuja na sharti la bando.

Sisemi haina faida. SMS haina usiri wa kueleweka. Inapita kwenye mitambo ikiwa wazi. Machi 2025 kiwango cha RCS kiliongezewa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ujumbe unafungwa asiusome mwingine ila mwandikaji na mwandikiwa, hata kati ya iPhone na Android, na hilo ni jambo kubwa. Tena kampuni inaweza kuandika ikiwa na jina lililohakikiwa na nembo yake. Katika nchi ambayo kila mwenye laini ameshapokea "ile hela nitumie kwenye namba hii", jina lililohakikiwa si mapambo. Tatizo ni kwamba anayetapeliwa zaidi ndiye mwenye kiswaswadu, na nembo hiyo hataiona. Halafu mlango huo wa makampuni huingiza na wageni wasiotakiwa: India mwaka 2022 matangazo yalizidi hadi Google ikasimamisha kwa muda matangazo ya RCS nchini humo.

Ninachokipinga ni neno "badala", kwamba RCS ije badala ya SMS. Simu inatakiwa ijue yenyewe kwamba upande wa pili hakuna intaneti, ijaribu dakika chache, kisha ishushe ujumbe uwe SMS bila kuniuliza. Kwenye simu yangu uwezo huo upo, ila umefichwa ndani ya mipangilio, tena ulikuwa umezimwa. Mpaka leo sijui ni nani aliyeona ni busara uje ukiwa umezimwa. Mtu wa Muheza hatakiwi kuujua, wala mimi sikutakiwa kujifunza kwa elfu themanini.

Nimeuwasha. Nikatuma hela nyingine, na ujumbe nikauandika mfupi, kwa herufi zisizofika 160, nikaukodolea macho mpaka ukafika. Baada ya robo saa likaja jibu, herufi kubwa zote kama kawaida yake: "NIMEPATA. FUNDI YUKO JUU. HARUSI JUMAMOSI TWENDE WOTE KADI YA WATU 2."