Usiiachie maktaba ikuchagulie rangi

Siku mbili nzima nilitafuta kosa ambalo halikuwepo. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya Python ya kuiga mtiririko wa maji, nikaipima kwa mfano wa Taylor na Green wa mwaka 1937, ule ambao karibu kila anayeanza kazi hii huupitia. Kwenye pande mbili, yaani urefu na upana tu, maji yanazunguka katika miraba iliyopangwa kama vigae, huu ukienda kulia, jirani yake kushoto. Raha yake ni kwamba jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi: umbo halibadiliki hata kidogo, ila kasi inafifia taratibu kwa sababu ya mnato. Nikachora fremu 200 kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea, nikaziunga ziwe video, nikabonyeza. Video imeganda. Fremu ya kwanza na ya mwisho ni shilingi kwa ya pili.

Nikaingia mkenge. Nikaamini hesabu haisogei. Nikakagua hatua za muda, nikakagua mipaka, nikaandika upya sehemu ya mnato, kumbe mwenzenu hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba kwa kila fremu maktaba ilikuwa inatafuta namba ndogo kabisa na kubwa kabisa, kisha inazitandaza rangi kati ya hizo mbili. Kasi ikishuka nusu, rangi nazo zinabanwa nusu. Kitu pekee kilichokuwa kinabadilika ndicho kilichofutwa kwenye picha! Ushahidi ulikuwa pembeni pale pale, kwenye namba za mwambaa wa rangi, zikipungua fremu hadi fremu, ila nani huzisoma zile wakati picha inapendeza? Dawa ilikuwa vmin na vmax, yaani namba ambazo rangi zinaanzia na kuishia, zipangwe mara moja kabla ya kitanzi kinachochora fremu zote kuanza.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: chaguo-msingi la maktaba ya kuchorea, lile inalolitumia usipochagua mwenyewe, ni maoni ya mtu ambaye hajawahi kuiona data yako. Anaweza kuwa mtu makini sana, lakini anabahatisha. Ukitoa picha ya mtiririko bila kuamua mwenyewe rangi ianzie wapi na iishie wapi, kazi hujaimaliza.

Chukua jet, ule mpangilio wa rangi wa upinde wa mvua ambao Matplotlib iliutumia bila kuulizwa hadi toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 2017 na kuweka viridis badala yake. Njano ya jet inang'aa kuliko rangi zinazoizunguka, kwa hiyo jicho linaona ukingo mkali mahali ambapo kasi inapanda polepole tu. Mwangaza wa viridis unapanda kwa mwendo mmoja, hata ukichapa kwa nyeusi na nyeupe inasomeka. Bado wapo wanaoirudisha jet kwa makusudi, eti inaonyesha mengi zaidi. Inaonyesha mengi, ndiyo, yakiwemo yasiyokuwepo.

Viridis nayo si ya kila mahali. Maji yakipita kwenye silinda kwa namba ya Reynolds 100 (kipimo cha nguvu ya mwendo dhidi ya mnato), nyuma yake inajipanga mizunguko ya Kármán, mmoja wa juu, mmoja wa chini, kwa zamu. Mizunguko hiyo ina upande, hasi na chanya, kwa hiyo inataka rangi mbili zinazokutana kwenye weupe. Na mipaka ya rangi iwe sawa pande zote za sifuri. Ukiiacha iwe -3 hadi 5, weupe unaangukia kwenye 1, na maji yasiyozunguka kabisa yanapakwa ubuluu kana kwamba kuna jambo.

(Ile tabia ya imshow, amri ya Matplotlib ya kuchora jedwali la namba kama picha, ya kuweka mstari wa kwanza juu hadi picha inapinduka, sitaki hata kuigusa. Nimewahi kutazama moshi wa moto ukishuka chini kwa dakika kumi nikitafuta maelezo ya kifizikia.)

Pale ambapo hata wazoefu huteleza ni mistari ya streamplot, amri ya Matplotlib inayochora mistari ya mtiririko. Mtiririko ukiwa unabadilika kila sekunde, mistari ile ni mwelekeo wa wakati huo mmoja tu. Hakuna tone la maji lililowahi kuifuata. Unayetaka kitu kama rangi ambayo Reynolds aliipitisha kwenye bomba la kioo mwaka 1883, achilia chembe kutoka sehemu moja, mfululizo, uzisogeze hatua kwa hatua pamoja na maji.

Kwa pande tatu nahamia PyVista, maktaba ya Python inayosimama juu ya VTK, ambayo nayo ni maktaba ya kuchorea data, na huko nina ukali mmoja: sisawazishi kitu kabla ya kukagua. Programu nyingi hugawa eneo la maji katika vijisanduku, yaani seli, na huhifadhi namba moja kwa kila seli, na kubadilisha thamani za seli ziwe za pointi, yaani za pembe zake, ni amri moja tu, picha inakuwa laini kama hariri. Lakini hesabu ikiwa mbovu, presha huweza kupanda na kushuka kwa zamu, seli hadi seli, kama ubao wa drafti. Wastani wa seli zinazozunguka pointi moja unaufuta ubao huo wote. Mimi huchora kwanza seli kama zilivyo, na kingo zake zikiwa zimewashwa, halafu nakuza pale nyuma ya silinda hadi kila kigae kionekane peke yake.