Wapima wamepimwa vya kutosha

Imerudi tena mitandaoni ile hadithi tamu: eti Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ni wanene na wana kisukari kwa sababu ya "jeni bahili", iliyozoea njaa na sasa inaficha kila tonge. Nadharia ni ya mwanajenetiki James Neel, 1962. Kuanzia 1965 watafiti wa serikali ya Marekani walikita kambi kando ya mto Gila, wakipima damu na uzito. Wapima wakapimwa, wakapimwa tena. Mto haukupimwa, maana ulishakauka.

Wenyewe hujiita Akimel O'odham, watu wa mtoni. Walilima kwa mifereji: mahindi, maboga, maharage ya tepari, na ngano waliyowauzia wachimba dhahabu waliokuwa njiani kwenda California. Kuanzia miaka ya 1870 walowezi wa juu ya mto wakachepusha maji. Wenye mashamba wakaishia kukata meskiti wauze kuni, mti ule ule ambao maganda yake walikuwa wakisaga unga. Baadaye ukaja mgao: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe. Kanda unga huo kwa maji, chumvi na baking poda, tumbukiza kwenye mafuta ya moto, umepata mkate wa kukaanga ambao leo unaitwa chakula cha asili. Asili ya nani? Ya ghala la serikali! Tepari husagika tumboni taratibu, sukari ya damu ikapanda polepole. Unga mweupe hauna subira hiyo. Na aliyekuwa akizibua mfereji kwa jembe sasa hana mfereji.

Sasa vuka mpaka hadi Maycoba, milima ya Sonora, Meksiko. Nasaba moja, ila hawa walikuwa bado wanalima kwa mikono. Vipimo vya 1994: wa Meksiko wastani kilo 64 na sentimita 160, wa Arizona kilo 90 na sentimita 164. Urefu hueleza mtu alikula nini utotoni, uzito hueleza anaishije sasa. Tofauti ni sentimita 4 kwa kilo 26! Mwaka 2006 ikaja ya kisukari: 6.9% Maycoba, 38% Arizona. Jeni ilinyimwa viza?

Haya, huenda nasaba nayo ina mkono wake. Majirani wa Maycoba wasio Wapima walikuwa na 2.6%. Na ndiyo, mwanaanthropolojia Frank Russell alikuta wanene Arizona mwaka 1901–1902, jambo ambalo mashabiki wa jeni hulitaja kwa furaha. Wanasahau kwamba maji yalikuwa yameanza kuibwa miaka thelathini kabla.

Kwenu mnaochora grafu za urefu: msipime babu na mjukuu siku moja mkatangaza kizazi kimerefuka. Uzeeni diski za uti wa mgongo hubanwa na mgongo hupinda. Pangeni watu kwa mwaka wa kuzaliwa, mkilinganisha waliopimwa wakiwa na umri ule ule.

Sheria ya Marekani ya 2004 iliwarudishia Wapima wa mto Gila haki ya maji, kama mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka. Sehemu yake inamwagilia pamba na alfalfa ya ng'ombe, na tepari imeanza kurudi shambani. Aliyezaliwa mwaka huo ameshamaliza kurefuka. Kama lazima apimwe, muulizeni kwanza mfereji ulifika lini kwenye shamba la bibi yake.